Kodi ya Mpangaji wa Pili: Nani Anakula Tofauti, Nani Anabeba Hasara

Mpunga ukishaingia ghalani na fedha za kakao zikishalipwa, wazazi wengi wa Makwale, wilayani Kyela, huanza hesabu nyingine: ya vyumba vya watoto wao mjini. Mmoja amepata chuo Mbeya, mwingine ameitwa kazini Dar es Salaam, wa tatu anaenda kujaribu biashara Kariakoo. Simu inapigwa kutoka huko: dalali amepata nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa, iko katikati ya mji, maji yapo, ulinzi upo, na mwenyewe anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Hilo neno "mwenyewe" ndilo linalotuletea hasara, kwa sababu mwenye nyumba ya Shirika ni Shirika. Anayepokea fedha ni mpangaji kama wewe, ila yeye ametangulia.

Nitaeleza hapa jambo hili linagharimu kiasi gani, linamgharimu nani, na mpangaji wa pili ana haki zipi siku mlango utakapogongwa. Nimeona ni muhimu kuweka tarakimu mezani, kwa kuwa mazungumzo mengi ya pango huishia kwenye "tutaelewana", na maelewano ya aina hiyo hayasaidii kitu mbele ya hakimu.

Tuanze na chimbuko la tofauti ya kodi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru, kwa sheria namba 45. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kujenga nyumba za gharama nafuu na kuondoa nyumba duni mijini. Aprili 1971 likaja jambo kubwa zaidi: serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na kwa yale yaliyokwisha kutimiza miaka 10 wamiliki hawakulipwa fidia. Majengo hayo, mengi yakiwa katikati ya Dar es Salaam, Tanga, Mwanza, Moshi na miji mingine, yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika. Ndiyo maana hadi leo ghorofa nyingi za zamani katikati ya miji yetu, zenye kibaraza chembamba na ngazi za giza, zina kibao cha Shirika mlangoni.

Kwa miongo kadhaa kodi za nyumba hizo zilishikiliwa chini. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 iliweka ukomo wa kodi na kumlinda mpangaji asifukuzwe hovyo. Ilikuwa na nia njema, na iliwasaidia wengi. Lakini kodi ya Shirika ilibaki nyuma huku kodi ya mtaani ikipanda, na katika nafasi iliyoachwa katikati ikazaliwa biashara. Aliyepata nyumba ya Shirika miaka ya themanini aliona ana mali mkononi. Akihama, hakurudisha ufunguo. Alimpa mwingine kwa kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nafasi, kisha akaendelea kuchukua kodi kila mwezi huku mkataba ukibaki kwa jina lake. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005 na Shirika likaanza kupandisha kodi zake zikaribie soko. Nafasi ilipungua, haikwisha. Shirika lina nyumba na sehemu za biashara zaidi ya 16,000 nchi nzima, wakati makadirio ya serikali yaliyotumika kwa miaka mingi yanataja upungufu wa nyumba milioni 3, na mahitaji yanaongezeka kwa nyumba 200,000 kila mwaka. Uhaba ukiwa mkubwa kiasi hicho, mwenye ufunguo atapata mteja siku yoyote, awe na haki ya kuutoa au asiwe nayo.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kodi ya Shirika kwa nyumba moja ya vyumba viwili ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na mtaani nyumba ya namna hiyo inapangishwa kwa 450,000. Mpangaji wa kwanza anapokea 450,000, analipa Shirika 200,000, anabaki na 250,000. Kwa mwaka ni shilingi milioni 3, bila kununua tofali moja wala kupaka ukuta rangi. Na kama ana ujasiri wa kutosha, halipi hata ile 200,000; anaweka 450,000 yote mfukoni na deni linakua kwa jina lake, wakati anayelala ndani ya nyumba hajui.

Upande wa mpangaji wa pili hesabu ni hii. Kodi ya miezi 6 ni 2,700,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 450,000. Kuhamisha vitu, kubadili kitasa, kuziba bomba linalovuja, tuweke 150,000. Jumla 3,300,000 kabla hajalala usiku wa kwanza. Mwisho wa mwezi wa pili, ofisa wa Shirika anakuja kukagua, anakuta jina la mkataba si la aliyemo ndani, na mkataba wa mpangaji wa kwanza unavunjwa. Mpangaji wa pili amekaa miezi 2 yenye thamani ya 900,000. Miezi 4 aliyokwisha kuilipia, yaani 1,800,000, iko kwa mtu ambaye simu yake haipatikani. Ongeza fedha ya dalali na matengenezo, ambavyo haviendi naye nyumba ijayo: 600,000. Hasara ni 2,400,000, na bado hajatafuta pa kuhamia, ambako ataombwa tena miezi 6 na dalali mwingine.

Kwa mzazi wa Makwale fedha hiyo ina sura. Mchele ukiuzwa shilingi 2,000 kwa kilo, 2,400,000 ni kilo 1,200, magunia 12 ya kilo mia. Kwa familia nyingi za huku hayo ndiyo mavuno yote ya msimu baada ya kuondoa chakula cha nyumbani.

Tazama jinsi mzigo ulivyogawanywa. Faida ya kila mwezi inakwenda kwa mtu mmoja. Hatari yote ya kufukuzwa iko kwa mwingine. Kinachoamua ukubwa wa hasara si kodi ya mwezi. Ni idadi ya miezi uliyoilipa mbele. Aliyelipa mwezi 1 katika mfano wetu, akifukuzwa katikati ya mwezi, anapoteza nusu mwezi, 225,000, pamoja na gharama za kuingia. Aliyelipa mwaka mzima akafukuzwa baada ya miezi 2 anapoteza kodi ya miezi 10, shilingi 4,500,000. Nyumba ileile, kodi ileile, kosa lilelile, na kodi iliyopotea ni mara 20.

Kwa nchi nzima, tuchukue dhana tu, ili ukubwa uonekane. Nyumba 1 katika kila 10 kati ya hizo 16,000 ikipangishwa kwa mlango wa nyuma kwa tofauti ya 250,000, ni nyumba 1,600, na kwa mwaka shilingi bilioni 4.8 zinaingia mifukoni mwa watu wasiojenga chochote. Kwa bei ya shilingi milioni 50 kwa nyumba ndogo, fedha hizo zingejenga nyumba 96 kila mwaka. Dhana ikikatwa nusu bado ni nyumba 48.

Haya hayako kwetu peke yetu. Nairobi, Septemba 2009, familia za Kibera, upande wa Soweto Mashariki, zilihamishiwa kwenye maghorofa 17 yenye nyumba 600 huko Lang'ata, zisubiri eneo lao lijengwe upya. Haikupita muda baadhi yao wakapangisha vyumba vyao kwa watu wenye kipato kikubwa zaidi na wenyewe kurudi kibandani, kwa sababu tofauti ya kodi ilikuwa mshahara. Siwalaumu kirahisi, mtu asiye na kazi akipewa kitu chenye thamani ya soko atakiuza. Uingereza nao walikuwa na tatizo hilohilo katika nyumba za halmashauri, na mwaka 2013 bunge lao lilitunga sheria inayomfanya mpangaji wa nyumba ya umma anayepangisha kinyume cha mkataba kuwa mhalifu. Anaweza kufungwa hadi miaka 2, na mahakama inaweza kumwamuru arudishe faida yote aliyoipata. Jambo la kuzingatia ni kwamba sheria hiyo inamlenga aliyepangisha. Aliyepanga kwa nia njema hatafutwi kuwa mshtakiwa. Huo ndio uwiano ninaoona unafaa hata kwetu.

Basi mpangaji wa pili ana haki gani hapa Tanzania? Zipo, lakini lazima zitenganishwe mbili, kwa sababu watu wengi huzichanganya na kupoteza zote.

Dhidi ya Shirika, haki zako ni chache. Huna mkataba nalo. Mkataba wa Shirika unamkataza mpangaji kupangisha mtu mwingine bila kibali cha maandishi, na asiye na haki ya kutoa hawezi kukupa haki. Kulipa kwako kwa uaminifu miaka 3 hakukufanyi mpangaji wa Shirika. Hata hivyo wewe si takataka ya kufagiliwa. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maskani ya mtu, na ibara ya 24 inalinda mali yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka notisi ya maandishi kabla mkataba haujavunjwa kwa kosa. Notisi hiyo huandikwa kwa jina la mpangaji wa kwanza, lakini ikibandikwa mlangoni unapolala wewe, isome, ipige picha, na uende ofisi ya Shirika ya mkoa siku hiyohiyo ukaeleze wewe ni nani na umelipa nini. Wengi huificha wakitumaini mambo yatapita. Ofisa aliyepata maelezo yako mapema ana sababu ya kukupa muda wa kuhama kwa heshima, na wakati mwingine ana sababu ya kupokea maombi yako ya kupanga moja kwa moja. Ofisa aliyekukuta umejifungia hana.

Deni la mpangaji wa kwanza pia si lako. Ukiambiwa ulipe malimbikizo ya miezi 14 yaliyo kwa jina lake ili usitolewe, usikubali kabla hujapewa kwa maandishi kwamba malipo hayo yanakupa mkataba kwa jina lako. Na kwa kuwa dalali wa mnada huja na lori na hana muda wa kusikiliza historia, andaa mapema orodha ya vitu vyako pamoja na risiti: friji, kitanda, cherehani. Bila risiti, kila kilichomo ndani kitadhaniwa ni cha mdaiwa.

Dhidi ya aliyekupangisha, haki zako ni nyingi, na hapa ndipo nguvu zako ziende. Sheria ya Mikataba, sura ya 345, inasema katika kifungu cha 65 kwamba makubaliano yakigundulika kuwa batili, aliyepata manufaa anapaswa kuyarudisha au kulipa fidia. Kifungu cha 19 kinakuruhusu kuukana mkataba ulioingia kwa kudanganywa, na cha 73 kinahusu fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa kwa mkataba. Kwa lugha ya kawaida: ile 1,800,000 ya miezi usiyokaa ni deni lako kwake. Hawezi kujitetea kwamba nyumba si yake. Hilo ndilo kosa lake. Ukiwa na ushahidi kwamba alijitambulisha kuwa mwenye nyumba huku akijua si kweli, kuna njia ya polisi pia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, inahusu kujipatia mali kwa udanganyifu, na adhabu yake hufika miaka 7 jela.

Kuna ugumu mmoja ambao lazima usemwe. Ikiwa ulijua tangu mwanzo kwamba nyumba ni ya Shirika na kwamba hana kibali, ukakubali kwa sababu ni nafuu, madai ya kudanganywa yanaporomoka, na mahakama inaweza kukuona mshirika katika makubaliano yasiyo halali. Ndiyo maana ujumbe wa simu wa siku ya kwanza una thamani kuliko mkataba uliochapwa mwezi wa tatu. Kama aliandika "nyumba ni yangu, karibu", usiufute.

Kuhusu mahali pa kudai, tofautisha fedha na nyumba. Dai la kurudishiwa fedha zisizozidi shilingi milioni 30 linaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, na unao muda wa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Mgogoro wa nani akae ndani ya nyumba huanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu tena. Linapatanisha, na likishindwa linatoa hati ili uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Kyela, kwa shauri la nyumba iliyoko Ilala, Dar es Salaam, halikusaidii. Utafungua huko nyumba iliko. Kutoka huku hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Nauli ikiwa 60,000 kwa safari moja, kwenda na kurudi mara 4 ni 480,000 bila chakula na malazi. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini wazazi wengi huacha. Badala ya kuacha, mwache kijana aliyelipa ndiye awe mdai, kwa jina lake, kwa kuwa yeye yupo huko, na muulizie msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua rasmi, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure.

Kinachoamua kesi hizi ni karatasi mbili. Mpangaji wa Shirika hulipa kwa ankara yenye kontroo namba ya tarakimu 12, na ukiingiza namba hiyo kwenye simu linatokea jina la anayelipiwa na jina la taasisi kabla hujathibitisha malipo. Mpangaji wa pili kwa kawaida ana ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule: "Nimepokea kodi miezi sita, asante", sahihi isiyosomeka, hakuna namba ya nyumba, hakuna jina kamili. Ukurasa huo si bure kabisa. Makubaliano ya mdomo ya muda mfupi yanatambulika, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu na kumbukumbu za malipo ya mtandao kutumika kama ushahidi. Kwa hiyo lipa kwa simu au benki, kwa jina la aliyekupangisha, na sehemu ya maelezo andika "kodi, nyumba namba fulani, Januari hadi Machi". Aliyekataa kupokea kwa simu na kutaka noti mkononi amekwisha kukujibu swali ambalo hukumuuliza.

Dogo lakini halisahauliki: kila mwezi unaponunua umeme wa LUKU unakatwa kodi ya jengo. Ilianza mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mmiliki. Ni 18,000 kwa mwaka, na mpangaji, wa kwanza au wa pili, ana haki ya kuomba ikatwe kwenye pango. Wachache huomba.

Msomaji wa kijijini atasema maghorofa ya Shirika yako mbali naye. Lakini hesabu hii haiishii kwenye ghorofa. Nyumba ya mwalimu au ya mganga iliyopangishwa kwa mfanyabiashara kwa sababu mtumishi amejenga kwake, kibanda cha soko la halmashauri kinacholipiwa ushuru mdogo na kukodishwa kwa mara tatu ya ushuru huo, vyote viko kwenye fungu hilo. Anayefanya biashara ndani ya kibanda hicho ana udhaifu uleule: jina la kwenye daftari la halmashauri si lake, na siku soko likibomolewa ili lijengwe jipya, anayepewa nafasi ni mwenye jina.

Shirika na halmashauri nazo zina wajibu. Kumtoa mpangaji wa pili na kumwachia wa kwanza fedha zote alizokusanya ni kuadhibu asiye na kosa kubwa na kumzawadia mwenye kosa. Inawezekana kufanya vingine: ukaguzi ukimkuta mtu anayelipa, ana vielelezo na hakujua, apewe siku za kutosha na nafasi ya kuomba mkataba, na faida ya mpangaji wa kwanza idaiwe mahakamani, sehemu yake ikirudi kwa aliyelipia miezi ambayo hakukaa. Orodha ya wapangaji halali wa kila jengo ikiwekwa mahali ambapo mtu anaweza kuihakiki kwa simu, nusu ya biashara hii itakosa wateja.

Kwa sasa, mzazi mwenzangu, kabla hujatuma fedha ya kakao, mwambie mwanao afanye mambo matatu kwa asubuhi moja: aende ofisi ya Shirika aulize jina la mpangaji wa nyumba hiyo, aombe kuona kibali cha maandishi cha kupangisha, na akatae kulipa zaidi ya miezi 3 mpaka mawili ya kwanza yajibiwe. Na kama ofisa akisema jina silo na kibali hakipo, arudi mtaani akatafute chumba kingine, hata kiwe mbali na mjini.